Vishikizo vya Kushoto

...na tena leo hayupo, huyo Buibui, leo ambapo kazi yenyewe ndiyo nzito, ubao wa juu wa ukuta wa kupandia, plaiwudi nzima nimeibeba kwa utosi na viganja viwili kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, fremu imeinama kunijia usoni, na mke wangu yuko nyuma yake, kwenye ule upenyo kati ya fremu na ukuta wa banda, simwoni hata ukucha, namsikia tu akipumua, akipapasa, spana ikigonga boriti, na mimi bolti zote nimeshazipitisha kutoka upande wangu, vichwa huku, mikia kule kwake, kazi yake ni moja tu, avishe washa, kile kipete cha chuma, avishe nati, aizungushe kwa vidole mpaka ikamate, halafu spana, basi, kazi ambayo mtu anaifanya huku anaimba, na mpaka sasa hata moja haijakamata... "Umeshika?" ananiuliza kutoka huko nyuma. Nimeshika, namwambia, ningekuwa sijashika ungesikia kishindo na ungekuwa mjane. Anacheka. Eti anacheka. Mimi kazi yangu ni kukagua mizani, za wauza nyama, za wauza nafaka, za wauza misumari, na kazi hiyo imenifundisha jambo moja ambalo halijawahi kuniangusha, mwenye mizani safi akikuona anakunja uso, anakuuliza utamaliza saa ngapi maana wateja wanasubiri, lakini mwenye mizani ya wizi anakucheka, anakuvutia stuli, anakuuliza watoto hawajambo, na mke wangu siku hizi anacheka sana, anacheka nikiuliza ulikuwa wapi, anacheka nikiuliza mbona pete huvai, pete niliyomvisha mimi mbele ya wazee, anacheka, anasema, "Bwana wee, pete na kupanda ukuta haviendi pamoja, itanikata kidole," na hilo ni kweli, nimeuliza watu, wapandaji hawavai pete, lakini ukweli ndio unaonitia wasiwasi, maana mwizi hodari haongopi pote, anaongopa kidogo tu, robo kwa kila kilo.

Ting... hiyo nati imeanguka. Naisikia inabingirika, inagonga mguu wa meza, inanyamaza. "Imeponyoka," anasema. Nasema okota basi, shingo yangu si ya chuma. "Naiona, naiona," na sauti ya magoti yake yakishuka kwenye sakafu, na kimya, kimya kirefu kuliko kuokota nati... anafanya nini huko chini, simu yake iko hapa kwenye meza yangu, naiona, kwa hiyo si simu, labda anafikiri, mwanamke akipiga magoti akanyamaza anafikiri, na mimi nimefungwa hapa kama nguzo ya geti, nikitoka ubao unashuka, nisipotoka sijui. Alianza vipi huu wazimu, alianza na suruali, yeye fundi cherehani, mtaa mzima unamjua, mkono wake ni mwepesi, akitunga uzi kwenye sindano haangalii hata sindano, anaangalia dirishani, anaongea na wewe, uzi umeshapita, basi akaja huyo mwanamume mwenye mikono mirefu mpaka magotini, ndiyo maana nikamwita Buibui na jina likamkaa, anataka suruali pana za kupandia, na siku ya kumpelekea suruali zake kule kwenye ukumbi wao, mke wangu akarudi na chaki viganjani na macho yanang'aa. Ukumbi wa kupandia ukuta! Watu wazima na akili zao wanajibandika kwenye ukuta wa mbao uliojaa vishikizo vya rangirangi kama pipi, wanapanda, wakifika juu wanashuka, basi, hakuna walichofuata huko wala walichokileta, nikamwambia, mke wangu, kuna ngazi pale uani, panda hiyo ushuke, akacheka, wakati ule alicheka kicheko chake cha siku zote. Akaendelea kwenda. Akawa na vidole kama vya fundi chuma, mfuniko wa chupa ulionishinda mimi aliufungua yeye, akanirudishia, na mimi, nisiongope, niliona fahari, nilimhadithia kila mtu kazini kwamba mke wangu, na binti kamwozesha, anajining'iniza kwenye kishikizo kidogo kuliko kifungo cha koti. Dada yangu peke yake hakucheka. Dada yangu alisema, "Kaka, mwanamke wa umri ule hapandi ukuta bure, kuna kitu kiko juu kule," na mimi nikamwambia acha umbeya, yule ni wifi yako, lakini neno likishaingia sikioni halitoki kwa mlango ulioingilia.

Halafu ghafla akaacha ukumbi. Hapo ndipo nilipoanza kukagua. Mtu anayependa kitu haachi hivihivi, na yeye hakuacha kupanda, aliacha ukumbi tu, akasema nataka ubao wangu hapa hapa nyumbani, kwenye banda lako, tuondoe zile mizani mbovu zako... mizani zangu! Nimezikusanya maisha yangu yote, kila moja ina hila yake, sasa zimelala nje chini ya turubai kama maiti, na nilikubali, kwa nini nilikubali, nilikubali kwa sababu nilifikiri akiwa hapa nitamwona, kumbe amejichagulia upande wa nyuma wa fremu. Kwa nini mtu akimbie ukumbi ila kama kule kuna macho? Watu wamewaona, nikasema, watu wameanza kuwasema, dalili ya mvua ni mawingu, sasa wanataka banda lenye mlango, na mlango wenyewe niwatengenezee mimi, na ubao niuchonge mimi, mume mtu, fundi wa fedheha yangu mwenyewe... "Shusha kidogo kulia," anasema. Nashusha. "Hapo hapo." Hapo hapo nini, bolti ilikuwa sawa tangu mwanzo. Na simu inatetemeka mezani, inajisogeza yenyewe kwenye vumbi la mbao, naisoma kwa jicho la pembeni, ni yeye, jina lile lile nililompa mimi kwa utani ndilo alilomwandika. "Nani?" anauliza. Buibui wako, nasema, na "wako" naiweka wazi kabisa aisikie. "Acha aite," anasema. Angekuwa hana neno naye angesema nipokelee, angesema muulize anataka nini, acha aite ni maneno ya mtu ambaye ameshajua kinachosemwa upande wa pili. Inatetemeka, inatetemeka, inakoma. Siku ile nyuma ya mlango wa chumba cha cherehani nilimsikia kwa masikio yangu haya, akiongea na simu chini chini, "Usimwambie. Nitamwambia mwenyewe nikishakuwa na hakika," na mimi nimesimama nje na sahani ya matunda yaliyomenywa kama mhudumu, nikarudi jikoni nikayala mwenyewe yote, sikusikia ladha. Na hakika ya nini, kama si hakika ya kuondoka? Mtu huwaje na hakika? Anapima, anangoja, anaangalia mshale utatulia wapi. Na Alhamisi, kila Alhamisi anakwenda "kwa rafiki", anarudi ananukia ile dawa ya kuchua, na huyo Buibui mchana anafanya kazi hospitali, kunyoosha watu viungo, kazi ya kushikashika watu kwa ruhusa ya serikali. Nimejumlisha mara ngapi? Kila nikijumlisha jibu ni lile lile. Amekuwa hanipi mkono tukivuka barabara. Ameacha kuniwekea chai, anasema jiwekee, na yeye kikombe chake anakishika kwa mikono miwili kama mtu mwenye baridi, anakaa nacho dirishani, anawaza, na anayewaziwa si mimi. Sahani ile ya maua ya mama yangu aliivunja kwenye sinki, akasema imeteleza, nikajua hasira, mwanamke akianza kukuchoka vyombo vyako ndivyo vinavyoanza kufa.

Ting. Nyingine. "Ah!" anasema, na safari hii hacheki. Nasema jamani, nati tu, unaivisha nati, siyo unamvisha nguo mtoto anayekimbia. Jumapili Buibui alikuwa huko nyuma, tulipofunga ubao wa chini, mimi na mke wangu tumeshika huku, bega kwa bega, na sitaki kusema lakini nitasema, yule mtu anajua kazi, nati zilikuwa zinaingia kimya kimya moja baada ya nyingine kama vifungo vya shati, hata moja haikuanguka, na leo nilipouliza mbona asije kumalizia, mke wangu alisema, "Tumalize sisi wawili, nati niachie mimi," akaikaza hiyo mimi, akanyoosha mgongo, kama mtu anayedai shamba lake. Nikasema moyoni wamegombana. Nikafurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nikapiga mluzi. Lakini hawakugombana, anampigia... shingo inaniuma, pua yangu iko inchi moja na ubao, nanusa gundi, nikiangalia chini naona ubao wa chini wote, vishikizo vyangu, hivi nilivichonga mimi, nikavipiga msasa mpaka vikawa kama mawe ya mtoni, viwili viwili, cha kulia na cha kushoto, pacha, urefu mmoja, unene mmoja, safu mbili zinapanda pamoja kama ngazi isiyo na vipago, Buibui ndiye alichora hivyo, nikamuuliza mbona huu ukuta hauna rangirangi kama ule wenu, akasema huu ni wa kufanyia mazoezi sawasawa pande zote mbili, na nikaona jibu limekuja haraka mno, nikaliweka akiba. Ameshaanza kuupanda, ubao nusu, hakungoja tumalize, chaki imejaa. Nakagua chaki. Sina la kufanya, mikono iko juu, macho ndiyo huru, na macho yangu yamezoea, kwenye mizani usiangalie namba, namba anakuonyesha mwenyewe, angalia uchafu, pale kidole chake kinapokaa kila siku pamechakaa, uchafu hausemi uongo. Kulia, alama za vidole, vinne, safi, naweza kuvijua hata nikivikuta ugenini, kishikizo cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka cha juu kabisa. Kushoto... kushoto cha kwanza kimechafuka. Cha pili kidogo. Cha tatu kiko kama nilivyokitoa kwenye msasa. Na kile cha kwanza, ngoja, kile cha kwanza hakina vidole. Kina bapa pana jeupe, kitako cha kiganja, na juu yake mstari, hicho ni kiwiko cha mkono... siyo kiwiko, kifundo, hapa mtu ametundika mkono kwa kifundo, kama unavyotundika mwavuli, vidole havikugusa mbao kabisa. Nani anapanda ukuta kwa kifundo? Labda ni mtindo. Kuna mitindo. Labda Buibui amemfundisha mtindo wa mkono mmoja, hawa watu hawaishiwi vituko... na kishikizo cha kwanza tena kimesuguliwa mara nyingi, chaki juu ya chaki, amejaribu, amerudi, amejaribu, hapo hapo, cha kwanza, karibu na sakafu, ambako mtoto wa miaka miwili angefika, mwanamke aliyekuwa akining'inia kwenye kitu kidogo kuliko kifungo cha koti. Vifungo. Hashoni tena vifungo. Nguo zote siku hizi anaweka zipu, wateja wananung'unika, na yale matundu ya vifungo ya gauni la binti yetu alimpelekea fundi wa duka la pembeni, yeye, ampelekee mtu mwingine matundu ya vifungo, nikasema amechoka kazi, nikasema anajiandaa kuacha nyumba... na sindano. Lini mara ya mwisho nimemwona anatunga sindano? Anasema, "Nitungie basi, macho yameanza uzee," na anaangalia dirishani wakati mimi natunga, na mimi natunga huku nanuna, na ufunguo wa mlango, "fungua wewe, nimebeba," amebeba nini, amebeba mkoba, na kikombe kwa mikono miwili, na kuvuka barabara, upande wangu siku zote ni upande wake wa kushoto, mkono ambao hanipi ni ule, ule ule, na pete ilikuwa mkono upi, mjinga mimi, pete ilikuwa mkono upi...

Dawa ya kuchua. Alhamisi. Kunyoosha viungo. Aliacha ukumbi kwa sababu kule kuna macho, ndiyo, kuna macho yanayojua kupanda, yangemwona anaanguka kwenye kishikizo cha kwanza. Huu si ukuta. Huu ni mizani, jamani, na mimi sikuitambua, kulia dhidi ya kushoto, anajipima mwenyewe, kila nikienda kazini anaingia humu anaupima mkono wake kama kilo ya sukari, anaona unapungua, anafuta jasho, ananipikia. Na sasa ni wa kushoto tu au na wa kulia umeanza? Nati anaivisha kwa mkono upi? Fundi wa nguo hutumia yote miwili... ting, hii haikufika hata sakafuni, imegonga boriti, ameidaka kwa kifua, nasikia, anapumua kwa mdomo. Wamesema wa mkono tu au wamesema mwingine? "Nikishakuwa na hakika." Mficha maradhi... hapana, methali hiyo siimalizii, walioitunga waimalizie wenyewe. Ewe Mungu, nirudishie nilichokuwa nacho dakika tano zilizopita. Nirudishie mwanamume. Bora angekuwa mwanamume, nasema kweli tupu, mwanamume ningemngoja pale getini, ningemtukana mikono yake mirefu, ningeita wazee, ningelia, ningesamehe au nisisamehe, mwanamume ana miguu, anaweza kuondoka, hiki hakina miguu, hiki kikikaa kimekaa. Nimemnunia siku ngapi? Nimekula matunda yake jikoni, yeye chumbani anaomba nisiambiwe, si kwa sababu ya kunidanganya, kwa sababu ananijua, anajua nikishajua nitamkagua, asubuhi na jioni, nitaangalia kijiko kinavyotetemeka, nitamhesabia kila kinachodondoka, nitamwangalia mpaka aishie kuwa mkono tu. Na ni kweli ningefanya hivyo. Ndivyo ninavyofanya sasa hivi. Niuachie ubao? Niegemeze bega, nizunguke, nichukue nati mkononi mwake, niseme lete... nikizunguka nimeona, nikiona ameniona nimeona, na ile siku yake, ile siku aliyoitaka, ya kuniambia yeye mwenyewe amekaa sawa na uso umeoshwa, nitakuwa nimemwibia. Na hii nati ameidai. Niachie mimi, alisema.

"Nati zako hizi zina mafuta," anasema. Sauti inatoka chini, karibu na sakafu, imekwaruza. "Zinateleza." Asubuhi nilizifuta mimi mwenyewe, moja moja, kwa petroli na kitambaa cha pamba, kwa sababu zilikuwa za mizani ya zamani na zilikuwa na grisi ya miaka, nikazianika juu ya gazeti dirishani, zikakauka mpaka zikabadilika rangi, hazina tone. Maisha yangu yote sijawahi kumwachia mtu gramu. "Umenisikia? Zina mafuta." Ndiyo, namwambia, nilizipaka mengi mno, nilidhani zitaingia rahisi, haraka zangu zile zile, nenda polepole tu, mimi sina pa kwenda. "Nilijua tu," anasema, "wewe na mafuta yako," na sauti imepanda, imesimama, nasikia anafuta kitu kwenye gauni, anavuta pumzi, washa inagusa bolti, nati inagusa washa, inakwaruza, inatafuta, na mimi nasukuma ubao juu, nasukuma zaidi, usije ukatikisika.